Siku Moja Katika Mji wa Milan



Mgeni afikaye Milan, nchi ya Italia, hana budi kuizuru nyumba ya watawa ya Santa Maria delle Grazie. Ukutani mwa chumba chao cha kulia mna picha ya Karamu ya Mwisho, aliyoichora Leonardo da Vinci yapata mwaka 1495 hata 1498. Hakupaka rangi juu ya chokaa mbichi, kama ilivyokuwa desturi, bali juu ya ukuta mkavu. Kwa hiyo rangi ilianza kubanduka upesi. Mwaka 1652 ulitobolewa mlango ukutani, ikapotea miguu ya Yesu. Na Agosti 1943 mabomu yalikibomoa chumba, illakini ukuta ule, uliokingwa kwa magunia ya mchanga, ulisimama. Baadaye mafundi waliisafisha picha kwa miaka zaidi ya 20, wakamaliza 1999.

Sasa wageni huingia wachache wachache, kwa dakika 15 tu, maana vumbi ni adui yake. Saa zilizobaki hutosha kulizuru jumba la picha la Brera.

Nasi twajifunza nini? Mlango uliondoa kile ambacho bomu halikukiondoa. Basi tuonapo kazi ya wazee msikitini au kanisani, tuulizane kwanza, ndipo tutoboe.