PRESHA YA MTOTO SIYO YA MTU MZIMA

(Maneno ya Kamati ya Afya kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika.)



Wengi wetu tumezoea kusema presha ni ugonjwa wa wazee. Sivyo. Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma mishipa. Kila aliye hai anayo, hata mtoto aliyezaliwa jana. Ila ya mtoto ni ndogo, nayo hupanda kidogo kidogo kadiri anavyokua. Namba ya juu ya mtoto wa mwaka 1 huwa kama 85, na ya mtoto wa miaka 10 huwa kama 100. Akifika miaka 13 huangaliwa kama mtu mzima: iwe chini ya 120 kwa 80. Basi 120 ambayo kwa baba si neno, kwa mtoto wa miaka 4 ni kubwa mno.

Hapa lazima tujisahihishe. Msimu uliopita mtoto mmoja wa humu kijijini alipata upele, ukatunga usaha. Ulipita, lakini baada ya wiki tatu akaamka uso umevimba, mkojo kama chai ya rangi, analia kichwa. Sisi wenyewe wa Kamati tulisema, aa, hiyo minyoo tu. Siku ya tatu akashikwa na degedege. Tulipomfikisha zahanati, mkanda wa presha uliokuwepo ni wa watu wazima. Mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo hudanganya, huonyesha presha ndogo kuliko ilivyo. Ni hospitali ndiko walikogundua kuwa figo zimeugua na presha imepanda sana. Amepona, lakini ilibaki kidogo tumpoteze.

Kwa hiyo tunaombana hivi:

1. Mtoto akivimba uso, mkojo ukiwa mwekundu au kama chai, au akishikwa na degedege, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Tusingoje.

2. Upele na vidonda vioshwe kwa sabuni, vitibiwe mapema.

3. Chumvi tupunguze. Mtu mzima asizidishe kijiko 1 cha chai kwa siku, na mtoto chini ya hapo.

4. Mtoto asipimwe akilia au akitoka kukimbia. Akae kimya kama dakika 5. Kama si mgonjwa na namba imeonekana kubwa, arudi apimwe tena siku nyingine, hata mara tatu, kabla hajaitwa mtu wa presha.

Mwisho, tunaomba mkutano ujao ukubali kutoa fedha za mfuko wa ushirika, tununulie zahanati mikanda ya watoto. Tunajua wapo ndugu watakaosema mbolea kwanza. Sawa, mbolea tunaihitaji. Lakini shamba lenyewe tunamlimia nani?



Kamati ya Afya