WALE ASKARI WAWILI HAWANA MAJINA

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya wafanyakazi wa njia ya reli, Kiganjo, katika mkutano wa wanachama)



Sisi wa Kiganjo tumepewa nafasi ya kusema machache, nasi tumechagua kusema juu ya nishani ya vita. Labda mtu atauliza, mtu wa reli na nishani wapi na wapi? Tuvumilieni kidogo, mtaona.

Hapa kwetu Kiganjo alizaliwa Mzungu mmoja, tarehe 1 Januari 1913, jina lake Nigel Leakey. Katika vita vya Hitler alikuwa sajini wa K.A.R. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika Uhabeshi, kikosi chao kilikuwa kimevuka mto, na vifaru vya Waitaliani vikawajia. Leakey alirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wa juu, akawaua waliokuwa ndani ila dereva, akamlazimisha aendeshe mpaka mahali pa kujificha. Kisha akatoka tena kuvizia vifaru vingine, akarukia kimoja, na hapo akapigwa risasi akafa. Mwili wake haukuonekana.

Nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kupita zote za ushujaa za Uingereza, ilitangazwa kwa jina lake Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Alistahili, wala hatumwonei wivu marehemu.

Lakini sikilizeni. Tangazo lenyewe lasema kwamba alipotoka mara ya pili alifuatana na sajini-meja na askari wawili wa Kiafrika. Walikwenda mbele ya bunduki zile zile, mchana ule ule. Majina ya wale wawili hayamo katika tangazo. Tena katika vita hivyo hakuna askari Mwafrika wa K.A.R. aliyepewa Victoria Cross.

Je, jambo la zamani laweza kutengenezwa? Laweza. Huko Marekani, katika vita hivyo hivyo, hakuna askari mweusi hata mmoja aliyepewa nishani yao kubwa. Mwaka 1993 jeshi likawapa wataalamu kazi ya kuchunguza sababu. Wakasoma makaratasi ya zamani, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton akatoa nishani hiyo kwa watu weusi saba. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Aliyekuwa hai ni Vernon Baker, mzee wa miaka 77, ambaye nishani yake ya kwanza, iliyo ndogo kidogo, ilipandishwa daraja baada ya miaka zaidi ya hamsini.

Basi, ndugu, nishani ilipanda kwa sababu karatasi ilikuwapo. Asiyeandikwa jina atapandishwaje?

Wazee wetu waliorudi vitani walikuta kipimo kile kile kazini. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikubali kwamba asiye Mzungu katika kazi ya serikali alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Kipimo hicho kiliondolewa baada ya ripoti ya Lidbury ya mwaka 1954, na watu hawakukiondoa kwa kunung'unika tu.

Nasi tunayo yetu. Usiku mmoja wa mvua kubwa mwenzetu wa genge aliona maji yamekula udongo chini ya mataruma. Alikimbia gizani na taa mpaka gari likasimama. Ripoti ilipoandikwa ikasema tu kwamba njia ilikaguliwa na hatari ikaonekana. Nani aliyeiona? Haikusema. Ilipofika siku ya kupandishwa vyeo, mwenzetu hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. La kwanza, chama kiandike barua kwa Serikali ya Uingereza, kiombe vitabu vya K.A.R. vitafutwe majina ya wale wawili, ili jamaa zao wajue. La pili, kila tawi liwe na daftari: jina, tarehe, kazi iliyofanyika, na mashahidi wawili. Tusingoje mkubwa atuandikie.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata ushujaa ni mali.