Karatasi ya munganga isiwe karatasi tupu: maneno kwa vijana wa Kindu juu ya mashofere wa kamiyo

  

Muko munazoea tuseme hapa juu ya umeme, juu ya maji, juu ya barabara. Leo nataka tuseme juu ya karatasi moja. Shofere akitafuta permi ya kuendesha gari nzito, ataombwa karatasi ya munganga yenye kusema kwamba mwili wake unafaa kwa kazi ile. Karatasi moja, muhuri moja. Lakini nyuma ya ule muhuri kuko maisha ya watu, na pengine ni maisha ya mama yako.

Ngoja niwaelezee jambo la kwetu nyumbani. Baba mudogo wangu aliendesha kamiyo miaka zaidi ya makumi mbili. Kindu–Kasongo, Kindu–Kalima, Kindu–Punia, alizijua zote. Likizo moja nilipanda naye kama konvoyeri, nipate franka za masomo. Usiku, tukitoka Kasongo, akaniambia: «Mutoto wangu, kaa hapa mbele, uniambie kama shimo iko kushoto ao kuume.» Nilizani ananifundisha kazi. Siku ya pili ndipo nikaelewa: jicho lake la kuume halikuona tena, na la kushoto lilianza kuingiwa na ukungu. Ni mimi nilikuwa macho yake. Na nyuma yetu, juu ya mifuko ya mupunga na bidoni za mafuta ya ngazi, kulikaa watu. Mama mmoja alikuwa na mutoto mugongoni.

Tulifika, Mungu asifiwe. Wengine hawafikagi.

Nilipomuuliza, alinionyesha karatasi yake ya munganga. Iliandikwa kwamba anafaa. Muhuri uko, sahihi iko. Kumbe hakuna mutu alimuweka mbele ya zile herufi za ukutani, hakuna mutu alimufunga ile kitambaa ya kupima tansio. Alitoa makuta, akapewa karatasi. Sitataja mutu wala nyumba, ju hii si mambo ya mutu mmoja. Kila mwenye kufanya kazi ya barabara hapa anaijua.

Vijana wengi watasema: basi huyu muzee ni mukosefu, afungwe. Mimi pia nilimukasirikia. Lakini musikilize alivyonijibu: «Nikisema sioni, kesho patroni anapokea funguo na kuipa mwengine. Jioni watoto watakula nini?» Hakuwa na kontra ya kazi. Hakuwa na mutu wa kumulipia munganga. Alificha jicho lake vile mutu mwengine anaficha deni.

Na hapa ndipo jambo linaponiuma zaidi. Ugonjwa wake ulikuwa mutoto wa jicho. Mutoto wa jicho unapasuliwa, na mara nyingi mutu anaona tena! Kama munganga angemuangalia kweli siku ile ya karatasi, angemuambia. Ile karatasi ya uongo iliwaweka abiria katika hatari, na yeye mwenyewe ilimunyima dawa.

Kwa hiyo tuelewane: uchunguzi wa munganga hauko kwa kumufukuza shofere. Uko kwa kukuta mapema kile kinaweza kutibiwa. Macho: kuna anayehitaji tu miwani. Tansio: ikipanda bila mutu kujua, inaweza kumuangusha akiwa kwenye usukani, lakini vidonge viko. Sukari: ikishuka gafula, mutu anapoteza akili. Kifafa pia kina dawa, ingawa huyu lazima munganga aseme wazi kama anaweza kuendesha ao hapana. Tena sisi ni watu wa Maniema, inchi ya mito. Kuko upofu wa mito, ule unaoletwa na inzi wadogo wa kando ya maji. Ndio maana vidonge vya ivermectin vinagawiwa katika vijiji. Shofere anayelala kando ya kila mto anapashwa kuangaliwa kuliko wote.

Inchi zingine zinafanya nini? Marekani, ambako wandugu wetu wengi Wakongomani wanaendesha malori, karatasi ile haizidi miaka miwili. Tansio ikiwa juu, wanakupa muda mufupi zaidi, urudi waangalie tena. Na tangu mwaka 2014, si kila munganga anaweza kuiandika: lazima jina lake liwe katika daftari ya serikali. Ulaya, permi ya lori inafanywa upya kila miaka 5. Sisemi tuige kila kitu. Nasema tu kwamba kule karatasi inakufa kisha wakati fulani, ju mwili wa mutu unabadilika. Mutu aliyepimwa akiwa na miaka 25 si yule wa miaka 50.

Sasa najua kuko yule ananong'ona pale nyuma: «Yaya, kila karatasi mupya ni barieri mupya. Utawapa rulaji sababu ingine ya kutukamua.» Uko na haki. Tujifunze kwa yale yalitokea Malaba na Busia, kwenye mupaka wa Kenya na Uganda, mwezi wa kwanza mwaka 2022. Uganda iliomba kila shofere wa lori apimwe Covid kwenye mupaka, alipe dola 30 za Marekani. Mashofere wakasimamisha magari. Musululu ukafika makumi ya kilometa, na mafuta yakaanza kukosa Kampala. Mwishowe serikali ikalegeza lile sharti. Wale mashofere hawakukataa afya. Walikataa kwamba mutu wa musukano alipe peke yake, tena apimwe mara mbili kwa ugonjwa moja. Kipimo kinacholipwa na mumaskini kinageuka haraka kuwa kodi ya njia.

Basi sheria yetu inasema nini? Musifikiri hatuna sheria. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inataka kufaa kwa mufanyakazi kuhakikishwe na karatasi ya munganga. Kode ileile inamupa patroni muzigo wa kumutunza mufanyakazi akigonjwa, yeye na jamaa yake, muda wote kontra inaendelea. Na Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungo cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kinachokosekana ni wanainchi wa kudai vifuatwe.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane, yaliyo wazi:

Moja. Uchunguzi uwe wa kweli: macho, masikio, tansio, sukari, na maulizo juu ya kifafa na usingizi. Munganga aliyechunguza aandike jina lake na namba yake ya Orde ya waganga. Mutu akileta ajali, tujue nani alisema anafaa.

Mbili. Bei ibandikwe ukutani, watu waisome. Na alipe patroni mwenye kamiyo, ju faida ya kamiyo ni yake.

Tatu. Shofere akikutwa na ugonjwa unaotibika, apewe wakati wa kutibiwa na kazi yake imungojee. Bila hii, zile mbili za kwanza ni bure. Watu wataendelea kununua karatasi.

Ine. Karatasi iangaliwe siku ya permi na siku ya kuifanya upya, si kwenye kila barieri. Rulaji akiona shofere amelewa, amusimamishe. Lakini asigeuke munganga wa njiani.

Na tusijidanganye: hakuna karatasi inayopima usingizi. Kamiyo ikilala siku tatu katika matope, kisha patroni anapiga simu «muko wapi?», yule shofere ataendesha usiku kucha. Barabara mbaya nayo ni ugonjwa, na ule si wa shofere.

Sisi vijana tutafanya nini? Kifungo cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na wakubwa wanapashwa kujibu katika miezi mitatu. Ile ombi tunaiandika juma hii. Tutapita kwenye parking za kamiyo, tutaketi na mashofere na makonvoyeri, tusikilize kwanza wao. Ju tukiandika bila wao, watatuona kama rulaji bila kofia. Kisha tunaipeleka mukononi mwa wakubwa wa jimbo, tunaomba alama ya kupokea, na tunaanza kuhesabu siku. Siku ya makumi tisa tutarudi pale mulangoni, kwa amani, na karatasi yetu mukononi.

Tena jambo moja kwa kila mmoja wenu. Kama uko na papa, yaya ao mujomba anayeendesha, jioni hii umuulize polepole, bila kumutisha: «Unaona vizuri usiku?» Akinyamaza, umusindikize kwa munganga. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa.

Karatasi ya kweli, munganga wa kweli, barabara ya kweli. Hatutachoka.