Saa za Staji: Muuguzi wa Kirumba na Leseni ya Ng'ambo

Novemba 2018, katika kituo cha matibabu cha Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wagonjwa wa Ebola walianza kugawiwa kwa kura katika makundi, kwanza matatu na baadaye manne, kila kundi na dawa yake. Utafiti huo uliitwa PALM. Ulifika pia Mangina, Katwa na Butembo, na wagonjwa 681 wakashiriki. Agosti 2019 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaonekana: dawa mbili, REGN-EB3 na mAb114, ziliokoa watu wengi kuliko zile nyingine. mAb114 asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na jina la Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, limeandikwa katika historia yake. Lakini aliyeingia kwa mgonjwa amejifunika plastiki mwili mzima, akatafuta mshipa, akatundika dripu na kuandika alichokiona, alikuwa muuguzi, na mara nyingi muuguzi wa Kongo.

Kazi hiyo ilifanyika chini ya risasi. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo, Dakta Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, na wahudumu wa afya zaidi ya 160 walikuwa wameambukizwa.

Sasa achukuliwe mmoja wa wauguzi hao, aombe kazi Brussels, Montreal au Chicago. Hakuna atakayeanza kwa kumuuliza habari za Katwa. Ataulizwa alisoma saa ngapi za nadharia, alifanya saa ngapi za staji, katika wodi zipi, na nani anathibitisha. Akikosa karatasi ya kujibu, ujuzi wake wote utabaki nje ya mlango. Butembo ni mji wa wafanyabiashara waliozoea Dubai na Guangzhou, na jambo hili hawahitaji kuelezwa mara mbili: mzigo mzuri usio na hati hulala forodhani Kasindi, mpakani na Uganda. Mhadhara huu unadai kwamba leseni ya ng'ambo huanza kutafutwa hapa nyumbani, katika ofisi ya sekretari wa shule, miaka kabla ya pasipoti.

Kwanza, ngazi. Kongo ina wauguzi wa A2, waliosoma katika taasisi za ufundi wa tiba za ngazi ya sekondari, wa A1, waliotoka katika vyuo vya juu, na wa A0, wenye lisansi. Mgonjwa wa kijijini huwaita wote "muganga", lakini Ulaya hawahesabiwi sawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2005, iliyorekebishwa mwaka 2013, inamtaka muuguzi wa huduma za jumla awe na angalau miaka 3 ya mafunzo na saa 4,600. Nadharia iwe si chini ya theluthi moja ya saa hizo, na staji si chini ya nusu. Tena kabla ya kuanza awe amepata miaka 10 au 12 ya masomo ya jumla, kulingana na aina ya shule. Kipimo hicho ni cha diploma za Ulaya zenyewe, lakini ndicho ambacho diploma ya kigeni huwekwa mbele yake. A2 mara nyingi hushushwa hadi kazi ya msaidizi wa wodi. A1 ana hoja ya kutoa, ikiwa saa zake zimeandikwa.

Marekani inadai zaidi. Mtihani wa leseni ni NCLEX-RN, unaofanyika kwenye kompyuta: maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda ni saa 5. Kabla au baada yake kuna ukaguzi wa masomo, na kwa anayeomba viza ya kazi ukaguzi huo ni wa lazima. Shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni lile lililoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la CGFNS. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana karatasi za alama haziletwi na mwombaji mwenyewe. Shule ndiyo huzituma moja kwa moja, zikiwa na muhuri wake. Mtu anaweza kuwa na diploma halisi mkononi na bado asihesabiwe, kwa sababu aliyepaswa kuandika barua hakuandika.

Basi mtu afikirie mji wa Kirumba, kusini mwa Lubero. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga na kisha Kirumba, na familia nyingi zikashika barabara kuelekea Lubero na Butembo. Mwalimu anakimbia na watoto wake. Kabati la daftari za alama hakimbii nalo. Vita vinapopita shuleni huondoka na ushahidi kwamba watu fulani walisoma, na hasara hiyo haionekani mpaka barua ya kuuliza ifike kutoka mbali na isipate wa kuijibu.

Wakongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanaijua hasara hiyo kwa miili yao. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Kongo iliongoza nchi zote kwa wakimbizi waliopokelewa huko: watu 16,370. Muuguzi aliyemo katika kundi kama hilo, akikosa karatasi, huanza upya kama msaidizi katika nyumba za wazee. Kozi ya kazi hiyo, kwa sheria ya shirikisho, haipungui saa 75. Ni kazi ya heshima. Lakini aliyezalisha akina mama kwa miaka mingi anastahili kupimwa kwa alichojifunza, na kumfungia katika saa 75 ni kumdhulumu.

Kwa Uingereza, mzazi anayelipa masomo kwa maharage na viazi asikilize vizuri. Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu. Orodha ya 2023 ina nchi 55. Kanuni za Uingereza zinakataza mawakala kwenda kuajiri katika nchi hizo, na zinakataza pia kumtoza mwombaji ada ya kupatiwa kazi. Kwa hiyo anayezunguka Butembo akikusanya dola kwa ahadi ya kazi London anavunja kanuni mara mbili. Njia iliyobaki wazi ni muuguzi kuomba mwenyewe: mtihani wa Kiingereza, kwa IELTS alama 7, isipokuwa kuandika ambako 6.5 inatosha, halafu mtihani wa kompyuta, halafu mtihani wa vitendo, ambao hufanyika Uingereza kwenyewe.

Quebec inavutia kwa sababu ya Kifaransa. Februari 2022 serikali yake ilitangaza mpango wa dola za Kanada milioni 65 wa kuwapata wauguzi 1,000 kutoka nchi zinazosema Kifaransa, pamoja na masomo ya nyongeza. Lugha peke yake haikutosha: katika mtihani wa Septemba 2022 waliofaulu walikuwa kiasi cha nusu tu, wakiwemo waliosomea hukohuko, na tangu 2024 Quebec nayo inatumia NCLEX-RN.

Na jirani? Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mikataba ya mwanzo ya kutambuana kitaaluma ndani ya jumuiya iliwahusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Muuguzi anayevuka Kasindi kwenda Mpondwe bado anapaswa kupita kwa baraza la wauguzi la Uganda, kwa Kiingereza.

Wapo watakaosema kuwafundisha vijana njia hizi ni kuwafukuza nchini. Kanuni ya dunia ya 2010 kuhusu ajira ya wahudumu wa afya inatambua haki ya mtu kuhama, na wakati huohuo inazitaka nchi tajiri zisizikamue nchi maskini. Muuguzi anayefanya kazi bila mshahara wa serikali hazuiliwi na mahubiri. Tena karatasi zilezile ndizo zinazomfaa anapoomba kazi Goma, Bunia au Kinshasa.

Kwa hiyo shule ziandike saa za kila somo na kila staji, ziweke nakala katika miji miwili tofauti, na zimtaje kwa jina anayejibu barua za nje. Muuguzi naye ajiandikishe katika Chama cha Wauguzi kilichoundwa kwa sheria ya 15 Julai 2016, kwa kuwa wakaguzi wa ng'ambo humtaka mdhibiti wa nyumbani amthibitishe. Na mwanafunzi aliye kwenye staji wiki hii, awe wodi ya uzazi au ya watoto, amwombe msimamizi wake atie saini saa zake kabla ya Jumamosi.