Kiwiko Kilichokataliwa: Historia ya Upasuaji wa Matundu Madogo

Leo tunauzungumzia upasuaji wa bega na kiwiko kwa matundu madogo. Daktari hachani mwili kwa kisu kirefu. Anapitisha mrija mwembamba wenye kamera, anatazama kwenye skrini, na kupitia tundu jingine anaingiza vyombo vya kukata, kusafisha au kushona. Siku hizi upasuaji huu unafanyika hata Dar es Salaam na Nairobi, lakini kufika hapo kulihitaji madaktari waliokuwa tayari kubadili mawazo yao.

Tuanzie Tokyo, mwaka 1918. Zama hizo kifua kikuu hakikuishia mapafuni. Kiliingia magotini na kuyakakamaza. Katika nchi ambayo watu huketi sakafuni kwa kupiga magoti, goti lisilokunjika lilikuwa ulemavu mzito. Profesa Kenji Takagi alitaka kuugundua ugonjwa huo mapema. Akachukua chombo cha kuchunguzia kibofu cha mkojo, akakiingiza katika goti la maiti na kutazama ndani. Miaka sita kabla yake, Mdenmaki Severin Nordentoft alikuwa amewaeleza madaktari waliokutana Berlin habari za jaribio la namna hiyo.

Sasa twende New York. Mwaka 1931, daktari kijana Michael Burman alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa viungo vya maiti: goti, bega, nyonga, kifundo cha mguu na kifundo cha mkono. Alipofika kwenye kiwiko, alikataa. Aliandika kwamba hakifai kuchunguzwa kwa njia hiyo, kwa kuwa nafasi iliyomo ni finyu mno kwa unene wa chombo chake. Hata hivyo hakuliacha jambo hapo. Alirudi kwa maiti, akajaribu tena, na mwaka 1932 akachapisha makala nyingine juu ya kiwiko peke yake, akiwa amebadili msimamo.

Hofu ya kiwiko ilikuwa na msingi. Kila aliyewahi kujigonga pembeni mwa kiwiko akasikia shoti hadi kwenye kidole kidogo anaijua neva inayopita pale. Nyingine zinapita mbele, milimita chache tu kutoka kwenye kiungo. Ndiyo maana daktari wa leo huanza kwa kukikunja kiwiko nyuzi 90. Upande wa nje, kati ya ncha tatu za mfupa zinazogusika kwa kidole, anatafuta pahala laini. Hapo anachoma sindano na kusukuma maji ya chumvi, mililita 20 hadi 30. Kiungo kinajaa, mkono unajinyoosha kidogo wenyewe, na mishipa ya damu na neva zilizo mbele zinasogea mbali na mfupa. Ni baada ya hapo tu ndipo anapotoboa.

Kazi ya Takagi iliendelezwa na mwanafunzi wake, Masaki Watanabe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitoa chombo alichokiita Namba 21, kilichosifika kwa picha safi. Lakini mwanga wake ulitoka kwenye balbu ndogo iliyokaa nchani. Balbu hiyo ilipata moto, na ingeweza kupasukia ndani ya mgonjwa. Kwa chombo hicho hicho, mwaka 1962, Watanabe alikata gegedu lililochanika katika goti la kijana wa miaka 17. Baadaye zikaja nyuzi za kioo zinazoleta mwanga bila joto, kisha kamera ndogo, na daktari akaacha kubandika jicho kwenye chombo.

Hapo ndipo zamu ya bega na kiwiko ilipofika kwa kweli. Mwaka 1985, James Andrews na William Carson wa Marekani walieleza namna ya kukichunguza kiwiko cha mgonjwa aliye hai. Mwaka huo huo, Andrews na wenzake walieleza michaniko ya ndani ya bega waliyoiona kwa wanamichezo wa kurusha mpira, mahali ambapo kano ya msuli wa mkono inajishikiza.

Mafanikio nayo yalileta mtihani wake. Upasuaji mmoja ulienea sana: kukwangua mfupa ulio juu ya bega ili kupunguza maumivu. Watafiti wa Uingereza waliwagawa wagonjwa 313 katika makundi matatu. Wa kwanza walikwanguliwa mfupa, wa pili walitazamwa tu kwa kamera, wa tatu hawakutibiwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet: waliokwanguliwa hawakuwapita waliotazamwa tu, na tofauti yao na wasiotibiwa ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa.

Ndugu msikilizaji, udogo wa tundu si sababu ya kutobolewa. Kipande cha mfupa kilichokatika na kukwama kiwikoni, au bega linaloteguka kila mara, vinaweza kuhitaji mkono wa daktari bingwa. Maumivu mengi ya bega huanza kutibiwa kwa mazoezi ya viungo. Ukiambiwa ufanyiwe upasuaji, muulize daktari kitu gani hasa kimeharibika, na itakuwaje usipopasuliwa. Maswali hayo ni haki yako, na daktari anayeijua vyema kazi yake atayapokea kwa heshima.