Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Pampu Kuukuu za Hospitali Mbeya na Iringa



Shirika la Afya Duniani linakadiria lita 40 hadi 60 za maji kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila upasuaji au mama anayejifungua. Pampu ya hospitali ikigoma usiku, mkunga ndiye wa kwanza kujua. Kwa hiyo ninapozungumzia uniti za umeme hapa, msidhani nazungumzia bili peke yake. Pampu inayokula umeme kupita kiasi mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayokaribia kufa.

Hoja yangu ni moja: pampu kuukuu isibadilishwe kabla ya kupimwa. Kusukuma lita 10,000 kwa saa hadi mita 30, msuguano wa mabomba ukiwamo, kunahitaji nguvu ya maji ya kilowati 0.82 tu. Pampu nzuri na mota yake, kwa ukubwa huo, hula takriban kilowati 1.6. Mita ikikusomea kilowati 4, zaidi ya nusu ya umeme unaolipia haipandishi maji. Unahitaji mita ndogo ya umeme kwenye saketi ya pampu, geji ya presha, saa, na tenki ambalo ujazo wake unaujua. Ni kazi ya asubuhi moja.

Umeme huo unapotelea wapi? Ingia chumba cha pampu utazame. Impela imelika, pakingi inatiririsha maji sakafuni, mota imesukwa upya mara kadhaa. Futi valvu haishiki, hivyo kila asubuhi mhudumu anajaza maji kwa ndoo kabla ya kuwasha. Na pale kwenye bomba la kutolea, valvu imefungwa nusu na kukazwa kwa waya. Hiyo valvu inasema mengi: pampu ilinunuliwa kubwa kuliko mahitaji, presha ikapasua mabomba, mtu akaibana. Ukinunua nyingine ya ukubwa ule ule, umenunua tatizo lile lile likiwa jipya.

Kwetu Nyanda za Juu kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalikumbuki. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Jiji la Mbeya karibu mita 1,700. Pwani, kanieneo ya hewa inalingana na kina cha maji cha mita 10.3, Mbeya ni kama mita 8.4. Pampu inayovuta maji vizuri kutoka tenki la chini kule Temeke inaweza kuunguruma kama imemeza kokoto hapa, huku viputo vikitafuna impela yake. Ishusheni pampu karibu na maji, au chini ya usawa wake. Jenereta nayo hupoteza nguvu kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo msiipangie mzigo kwa namba ya kwenye kibati peke yake.

Sasa kuhusu kidhibiti mwendo wa mota, kile ambacho mafundi hukiita VFD. Kinasifiwa sana, na sifa ina msingi: ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Lakini hesabu hiyo ni ya mfumo ambao kazi yake kubwa ni msuguano, kama mzunguko wa maji ya moto. Pampu inayojaza tenki la juu ya mnara inapambana na kimo, na kimo hakipungui. Ukipunguza mwendo mno, inazunguka bila kufikisha tone. Hapo dawa ni pampu ya ukubwa sahihi na floti inayofanya kazi.

Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na makali ya mgao yakapungua, ila radi za masika bado zinakata fezi moja na kuunguza mota. Kilinda fezi ni bei ndogo mno ukilinganisha na kusuka mota. Fungeni pampu mbili zinazopokezana, si moja inayofanya kazi na nyingine inayoshika kutu.

Hospitali zilizo kwenye kundi la bei la T2 la TANESCO hulipia pia kilele cha matumizi, kwa hiyo jazeni matenki wakati mashine za dobi zimepumzika, ili mizigo hiyo miwili isikutane.

Mwisho, manunuzi. Zabuni zikipita kwenye mfumo wa NeST zikiwa na sifa moja tu, nguvu ya mota, mshindi atakuwa mwenye bei ya chini, na hospitali italipa tofauti kwa miaka mingi kupitia bili. Nawaomba Waganga Wafawidhi, kabla hamjasaini ombi lolote la pampu, daini namba tatu: lita kwa saa, kimo kwa mita, na uniti za umeme kwa kila mita ya ujazo ya maji. Fundi akikosa namba hizo, mrudisheni akapime.