KILA UFAGIO NA KIGINGI CHAKE

Mazungumzo kwa wanakisomo



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ufagio. Msicheke. Tunajua kila mmoja wetu ameushika ufagio tangu utotoni. Lakini hebu tuulizane: tukishamaliza kufagia, ufagio tunauweka wapi?

Katika nyumba nyingi ufagio unalazwa chini nyuma ya mlango. Au unatupwa palepale kazi ilipoishia. Tambara la kudekia linaachwa limelowa ndani ya ndoo. Ufagio wa choo nao unazunguka: leo uko chooni, kesho uko uani, keshokutwa uko karibu na mafiga. Mtoto akitumwa kufagia jikoni, anaokota ufagio wa kwanza anaouona. Je, ni upi huo? Pengine ni ule uliotoka chooni.

Basi hapo jambo la ufagio si dogo tena. Kinyesi kina vijidudu vya kuhara, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Kina mayai ya michango pia. Ufagio wa choo ukifika jikoni, unavileta vyote mpaka penye sufuria na sahani. Anayeumia kwanza ni mtoto mdogo anayetambaa, kwa sababu kila anachokiokota chini hukitia mdomoni.

Wazee miongoni mwetu wanaukumbuka mwaka 1973. Mwaka huo hapa Tanzania ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Halafu waliondoka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Utaratibu ule ulikuwa mzuri. Tusome, tujadiliane, kisha tutende. Na sisi leo tufanye hivyo hivyo. Tukimaliza mazungumzo haya, kila mmoja aende nyumbani akapige vigingi.

HASARA YA KUWEKA CHINI

Kwanza, ufagio unaosimama juu ya kichwa chake hupinda. Chelewa zinalala upande mmoja, hazifagii tena vizuri. Mama anazidi kuinama, mgongo unamuuma, na uchafu unabaki.

Pili, ufagio uliolazwa chini hupata unyevu. Chelewa, ukindu au nyasi zikilowa bila kukauka huoza. Mchwa nao hawana subira. Wanakula ufagio, wanakula na mpini.

Tatu, tambara la kudekia lililoachwa ndani ya ndoo ya maji machafu hunuka. Vijidudu hupenda unyevu, huzaana humo. Kesho tunalitoa, tunapaka uchafu wa jana juu ya sakafu ya leo. Tunadhani tumesafisha.

Nne, chini ya rundo la fagio na matambara ndipo nge anapojificha. Mtu anaingiza mkono gizani, anapiga kelele.

Dawa ya mambo haya yote ni moja: tutundike ukutani. Kitu kilichotundikwa kinapata hewa, kinakauka, hakipindi, na kila mtu anakiona.

FAGIO TATU, MAHALI PATATU

Kila nyumba iwe na fagio tatu. Wa kwanza ni wa ndani na jikoni. Wa pili ni wa uwanja. Huu unaweza kuwa matawi ya kichaka yaliyofungwa pamoja, hauna gharama. Wa tatu ni wa choo.

Ufagio wa ndani utundikwe ndani. Wa uwanja utundikwe nje, chini ya upenu, mvua isipoufikia. Wa choo utundikwe kwenye ukuta wa choo wenyewe, na usiondoke hapo hata siku moja. Ukishatumika, uoshwe kwa maji na sabuni, ukung'utwe, utundikwe ukauke. Aliyeushika anawe mikono kwa sabuni.

Dekio lisuuzwe, likamuliwe, litundikwe nje penye jua au upepo. Kichwa kiwe chini, ili maji yadondoke yasishuke kwenye mpini. Kizoleo cha taka nacho kitobolewe tundu kwa msumari, kitiwe kamba, kitundikwe.

JINSI YA KUTENGENEZA

Hatuhitaji kwenda dukani kununua vyombo vya fahari. Tunahitaji panga, kamba, na miti iliyo karibu nasi.

Tafuta panda ya mti mgumu, yaani tawi lililogawanyika mara mbili kama herufi Y. Kata mkono mmoja uwe mfupi. Hiyo ni ndoano tayari. Kama huna panda, chonga kigingi cha unene wa kidole gumba, urefu wa shibiri moja.

Nyumba za miti na udongo: Wengi husema, "Ukuta wetu ni wa udongo, hauwezi kushika msumari." Ni kweli, msumari peke yake utaanguka pamoja na udongo. Kwa hiyo usiutegemee udongo, utegemee miti iliyo ndani yake. Kwangua udongo kidogo mpaka uzione nguzo mbili za ukuta. Laza mti mmoja uvuke kutoka nguzo hii mpaka ile. Ufunge kwa kamba imara au waya. Halafu kandika tena udongo penye nafasi. Sasa ning'iniza panda zako juu ya mti huo. Utabeba fagio zote na jembe juu yake.

Nyumba za tofali mbichi: Toboa tundu katika tofali polepole, lenye kina cha nusu ya kigingi. Usigonge kwa nguvu, tofali itapasuka. Ingiza kigingi, kizungushie udongo uliochanganywa na majani makavu. Ncha ya nje iinuke kidogo kwenda juu, ili kamba isiteleze. Ngoja siku 3 au 4 pakauke, ndipo utundike. Kwa wale wanaojenga sasa, ni rahisi zaidi. Mwambieni fundi aache vigingi katikati ya tofali wakati anapanda na ukuta.

Nyumba za tofali za kuchoma au saruji: Chukua ubao wa urefu wa mita 1. Pigilia misumari ya inchi 3 ndani ya ubao, jozi kwa jozi. Misumari miwili ya jozi moja ikaribiane kama vidole viwili, kiasi cha kupitisha mpini. Shingo ya ufagio itakaa katikati yake, kichwa kikiwa juu. Kutoka jozi mpaka jozi acha shibiri moja. Kisha ubao wote ufungwe ukutani kwa misumari ya saruji.

Mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa tusiutupe. Tukate vipande, tuvipigilie kwenye ubao kwa misumari viwe kama vitanzi. Mpini ukiingizwa humo haudondoki.

Kipimo cha kimo ni hiki: ufagio ukishatundikwa, uwe juu ya ardhi angalau shibiri moja. Mchwa hataufikia, na kuku hatauparua. Reki na majembe meno yake yaelekee ukutani, asiumie mtu apitapo.

KISOMO CHETU KIFANYE KAZI

Sisi tumejifunza kusoma na kuandika. Basi tuandike. Tuchukue mkaa au rangi kidogo, na juu ya kila kigingi tuandike neno moja: NDANI. UWANJA. CHOO. DEKIO. Watoto wataona, watasoma, wataweka kila kitu mahali pake. Na mama mkwe ambaye bado hajasoma tumfungie ufagio wa choo kitambaa chekundu. Ataujua bila kuuliza.

VILE VINAVYOUA VIKAE JUU

Karibu na fagio tunaweka vitu vingine vya usafi: sabuni, dawa ya kuulia wadudu, magadi makali ya kutengenezea sabuni. Mafuta ya taa nayo hukaa hapo hapo. Vitu hivi visikae chini kabisa. Tuvipigie kibao juu ya vigingi, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kigoda.

Tena tusitie mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda, atainywa. Akishakunywa, tusimtapishe. Mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia katika mapafu na kumuua. Tumkimbize zahanati mara moja.

NANI AFANYE KAZI HII?

Akina baba, hapa tunasema nanyi. Wengi wetu tunaona ufagio ni mambo ya wanawake. Lakini ni nani mwenye panga na nyundo nyumbani? Ni nani aliyeutundika upinde wake ukutani, au baiskeli yake darini, ili isiharibike? Kama chombo cha baba kina mahali pake, kwa nini chombo cha mama kitupwe chini? Mama anakishika kila siku alfajiri, kabla hatujaamka. Vigingi vinne ni kazi ya asubuhi moja. Mzee mwenzetu, fanya kazi hiyo Jumamosi hii.

Wengine watasema, "Wageni wataona fagio ukutani, ni aibu." Ndugu zetu, mgeni akiona ufagio safi umetundikwa, atajua nyumba hii inafagiliwa. Aibu ni mgeni kuukanyaga.

Wengine watasema, "Watoto hawatarudisha." Watoto hufuata wakubwa. Tukirudisha sisi, nao watarudisha. Ila tukumbuke mtoto anayefagia lazima aufikie ufagio wake. Tumpigie kigingi cha kimo chake.

TUKAJADILIANE

Tukikutana tena darasani, kila mmoja ajibu maswali haya matatu. Nyumbani kwako kuna fagio ngapi? Ufagio wa choo unalala wapi? Mafuta ya taa yako katika chupa gani, na mtoto anayafikia?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kigingi hakina bei. Mtoto aliyeharishwa akapelekwa hospitali ana gharama, na mara nyingine hatumrudishi.

Tukapige vigingi.